MZEE NI MWENYE NYUMBA, MHUDUMU NI MGENI

Katika lugha yetu kuna vitenzi viwili vinavyokaribiana kwa sauti, lakini vinaachana kwa heshima: kuosha na kuogesha. Chungu huoshwa. Sahani huoshwa. Maiti naye huoshwa, kwa kuwa hana tena neno la kusema juu ya maji, yawe ya moto au ya baridi, wala juu ya mkono unaomgusa. Lakini mtu aliye hai huoga. Na kama nguvu zimempungukia, huogeshwa, yaani husaidiwa kulitenda jambo ambalo bado ni lake.

Tumeanza na maneno haya mawili kwa sababu hoja yetu yote imo ndani yake. Tunadai kwamba katika nchi yetu, majumbani na katika makazi ya wazee, wako wazee wengi wanaooshwa ilhali wangepaswa kuogeshwa. Wanaolishwa ilhali wangepaswa kula. Wanaolazwa ilhali wangepaswa kulala. Tunadai pia kwamba kosa hili, mara nyingi, halitokani na ukatili. Linatokana na kutofundishwa. Na wanaolizuia fundisho hilo ni watu wema, tena wapenzi wa utamaduni, wasemao kwamba Mwafrika hana haja ya kufundishwa kumtunza mzee, kwa maana amezaliwa akijua. Watu hao ndio tunaowapinga hapa.

Sisi tunaandika kutoka Sumbawanga, juu ya uwanda wa Ufipa, mahali palipoinuka kiasi cha mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku hupenya mifupani, na mzee anayeamshwa alfajiri akamwagiwa maji ambayo hayajapashwa moto huijua maana ya neno kuosha kuliko mwanazuoni yeyote. Jina la mji wetu, kama wenyeji wanavyolieleza, ni amri: tupa uchawi. Mgeni aingiaye huambiwa auache uovu wake nje. Ni jina la fahari. Hata hivyo historia imetufundisha kwamba watu wakianza kuutafuta uchawi ili wautupe, mara nyingi humtupa mzee pamoja nao. Mwaka 1963 na 1964 vuguvugu la Kamchape lilipita katika vijiji vya Ufipa, vijana wakiwa mbele, likidai kuwafichua wachawi na kuwasafisha kwa dawa. Na katika siku zile kuwa na mvi hakukuwa kinga, kulikuwa hatari. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, katika miaka tuliyoishi sisi wenyewe, vikongwe wameuawa kwa kisa cha macho mekundu, macho yaliyotiwa wekundu na moshi wa jikoni walimowapikia watoto na wajukuu.

Hatuyasemi haya ili kuuaibisha umma wetu. Tunayasema ili tusijidanganye kwamba heshima kwa wazee ni mali tuliyoirithi ikiwa nzima, na kwamba imetubakia kuilinda tu. Heshima ni kama shamba la mlimani: usipoipandia na kuipalilia kila mwaka, mvua huichukua.

Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya Ujamaa, alieleza kwamba mzee aliyeonekana katika jamii ya jadi kuwa amekaa tu akistarehe, kwa kweli alikuwa amekwisha kufanya kazi kwa bidii ujana wake wote. Hoja hiyo ni ya haki, nasi hatuna la kuipunguza. Iliithibitisha haki ya mzee ya kupewa. Lakini haki za mzee ni mbili: haki ya kupewa na haki ya kuulizwa. Ya kwanza tumeihubiri kwa zaidi ya miaka 60. Ya pili tumeitamka kwa nadra, tena kwa sauti ya chini.

Kabla ya kuwanyoshea wengine kidole, yatupasa tujinyoshee wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulimchukua mama yetu mzazi kutoka kijijini kwake kando ya Ziwa Tanganyika, tukamleta kuishi nasi mjini. Tulimpa chumba, kitanda, mablanketi mawili na kiti cha mikono sebuleni. Tukamwajiri binti wa kumhudumia. Majirani wakatusifu, nasi tukazipokea sifa. Lakini kila jioni mama alikikokota kile kiti, akakitoa nje nyuma ya nyumba, penye banda la kuku, akaketi akiutazama ukuta wa jirani. Yule binti akamrudisha ndani kwa upole, kwa kuwa ndivyo tulivyomwagiza. Baridi ingemdhuru mzee. Kesho yake mama akakitoa tena. Tukaanza kunong'onezana kwamba akili yake imeyumba. Tukakaa kikao cha ukoo juu yake, yeye akiwa chumba cha pili.

Hali hiyo iliendelea kwa miezi, mpaka siku moja bibi jirani, mtu asiyejua kusoma wala kuandika, alipokuja kumjulia hali akamkuta hapo nyuma, akamwuliza swali ambalo sisi wenye vyeti hatukumwuliza: “Mwenzangu, unatazama nini huko?” Mama akajibu: “Ziwa liko upande huo. Saa hizi wanawasha taa.”

Alikuwa ameyatazama machweo juu ya maji kwa zaidi ya miaka 70, na baada ya machweo taa za wavuvi wa dagaa zikitokea moja moja gizani. Hakuwa amepotewa na akili. Sisi ndio tuliokuwa tumepotewa na mama. Tulikihamishia kiti chake kwenye kibaraza cha upande wa magharibi, tukamfunika miguu kwa blanketi, na ugomvi wa kila jioni ukakoma. Hatukutumia hata senti moja. Kilichopungua nyumbani mwetu kilikuwa swali. Mama alikaa kibarazani pale jioni nyingi kabla hajafariki; lakini zile jioni za mwanzo tulizomnyang'anya hazikurudi.

Wahenga walikwisha kutuonya: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii twaifundisha madarasani kama onyo la kutoingilia mambo ya watu. Sisi tunaisoma pia kama kanuni ya utunzaji. Anayewajua kunguni ni alalaye. Mhudumu akitaka kukisafisha kitanda hana budi aanze kwa kumwuliza mwenye kulalia. Utunzaji unaoongozwa na mwenye kutunzwa, ambao leo unasomeshwa katika vyuo vya ng'ambo kama elimu mpya, kiini chake ni hicho tu.

Kutoka nyumbani kwetu twende sasa katika makazi ya wazee, maana huko ndiko taifa linakowatunza wazee kwa jina lake. Serikali inayo makazi hayo katika mikoa mbalimbali, kama vile Kolandoto mkoani Shinyanga, Bukumbi mkoani Mwanza, Nunge mkoani Dar es Salaam na Njoro mkoani Kilimanjaro. Na mashirika ya dini nayo yanayo yake. Baadhi yake yana asili ya makambi ya wagonjwa wa ukoma, na harufu ya neno kambi haijatoka kabisa katika kuta. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba jukumu la kwanza ni la familia na jamii, na kwamba makazi ni kimbilio la mwisho. Tunaafiki. Lakini tunauliza: je, kimbilio la mwisho ndiyo kusema kimbilio la watu wa mwisho? Anayefika huko amekwisha kukosa pengine pote pa kwenda. Basi yeye ndiye mwenye haki kubwa zaidi ya kupokewa kama mtu.

Tuliwahi kuyazuru makazi mojawapo, ambayo hatutayataja kwa kuwa shabaha yetu si kuwachongea wafanyakazi wake. Palikuwa safi. Vitanda vilinyooka kama askari gwarideni, na daftari la stoo, ambalo sisi kwa mazoea ya ofisi tuliliomba tulitazame, halikuwa na kosa. Wakati wa chakula cha mchana mhudumu, binti wa miaka ishirini na kitu, alisimama mlangoni akaita: “Kitanda cha kumi na mbili!” Hakuna aliyeitika. Akaita tena. Mzee mmoja aliyeketi karibu nasi alikuwa ametazama chini. Tulipomwamkia tukatambua kwa matamshi yake kuwa ni mtu wa kwetu Ufipa, tukazungumza naye kwa lugha ya nyumbani. Alikuwa ameondoka kijana kwenda Tanga kukata mkonge, hakurudi tena.

Wasomaji wetu walio wadogo yawapasa kujua kwamba waliokwenda mashambani kwa mikataba waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa namba hiyo aliitwa, alihesabiwa na alilipwa. Yule mzee alituambia: “Mkonge ulinipa namba, mkataba ulipokwisha nikairudisha. Hii nyingine niirudishe wapi?”

Tulimwita yule binti faraghani. Hakuwa mkorofi hata kidogo. Alitusikiliza, machozi yakamlengalenga, akasema: “Ningemwitaje? Jina sikuambiwa.” Naye alisema kweli. Jina lilikuwamo katika faili, na faili ilikuwa kabatini, na kabati lilikuwa ofisini kwa mkubwa. Siku alipoajiriwa alionyeshwa stoo, akaonyeshwa ndoo na ufagio, akaambiwa saa za uji na saa za kufunga mlango. Hakuna aliyemwonyesha mtu.

Tazama pia jina tunalowapa wazee hao katika maandishi yetu ya ofisi: wazee wasiojiweza. Sisi wenyewe tumeliandika mara nyingi, na leo tunalionea haya. Ni jina linalomtaja mtu kwa kile asichonacho. Mzee asiyeweza kutembea aweza kusimulia. Asiyeona aweza kuamua ugomvi. Asiyekumbuka jana aweza kukumbuka namna ya kuchagua mbegu ya ulezi. Ukimwita asiyejiweza kila siku, utamaliza kwa kumfanyia kila kitu, naye atamaliza kwa kutoweza chochote, nawe utasema: mnaona, tuliwaambia.

Sasa tuwajibu wapinzani wetu mmoja baada ya mwingine.

Wa kwanza ni yule asemaye kwamba kumtunza mzee ni jambo la damu, halifundishwi. Tunamwuliza: ni lini wazee wetu waliliacha jambo kubwa bila kulifundisha? Hapa Ufipa mababu waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo zilizompita mtu kwa kimo. Hatujasikia kwamba mtoto wa Kifipa alizaliwa akijua kujenga tanuru. Alisimama kando ya mjuzi miaka mingi, akakosea, akakemewa, akajaribu tena. Mkunga naye alifundishwa na mkunga. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Heshima tunayoisifu katika jamii ya zamani nayo iliundwa: mtoto alifundishwa namna ya kumpokea mzee mzigo, namna ya kumpa maji ya kunawa, nani aruhusiwe kumsaidia kuoga na nani asiruhusiwe. Ilikuwa elimu kamili, ila haikuwa na cheti. Mafunzo yake yalikatika vijana walipokwenda mkongeni, migodini na shuleni. Wanaosema kuwa yangali katika damu wanakula akiba waliyoiweka wengine.

Kwa ushahidi wa karibu tumtaje Adrian Atiman. Aliibwa utotoni Afrika Magharibi akauzwa utumwani, akakombolewa na wamisionari, akasomeshwa utabibu katika kisiwa cha Malta, akafika Karema kando ya Ziwa Tanganyika mwaka 1889. Aliishi hapo akiwatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Karema leo imo katika Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012, lakini jina lake limebaki nasi Sumbawanga katika hospitali iliyoitwa kwa heshima yake. Hakuna atakayeuliza kama Atiman aliwapenda watu. Alikaa nao miaka 67. Ila mapenzi hayo hayakumwondolea haja ya kwenda Malta kusoma. Mapenzi yasiyo na mafunzo yangemfanya mtu mwema tu, na wagonjwa wangekufa mikononi mwake.

Mpinzani wa pili husema kwamba mambo haya ya kumwuliza mzee atakacho ni kasumba ya Wazungu, nasi hatuna haja ya kuiga. Tunaomba atazame vizuri ni nani anayemwiga nani. Nchi tajiri zilijenga nyumba kubwa za wazee kwa mfano wa hospitali: ratiba moja, chakula kimoja, vitanda kwa namba. Miili iliishi, watu wakafa kwa upweke. Mambo yakawa mabaya hata Marekani ikalazimika mwaka 1987 kutunga sheria iliyotambua haki za wakazi na kuamuru kwamba wasaidizi wa wauguzi katika nyumba hizo wafundishwe kwa saa zisizopungua 75. Mwaka 1991 daktari Bill Thomas, katika nyumba moja ya wazee jimboni New York, aliingiza ndege, mbwa, paka, mimea na watoto, kwa hoja kwamba wazee wanateswa na mambo matatu: upweke, kukosa la kuamua na kuchoshwa na siku zisizo na tukio. Huko Uingereza, Tom Kitwood wa Bradford aliandika mwaka 1997 kwamba anayepotewa na kumbukumbu hapotewi na utu wake, na kwamba wanaomzunguka waweza kuulinda utu huo au kuuvunja.

Hayo ndiyo mambo mapya ya Wazungu: kuku uani, mtoto miguuni, na mtu wa kukusikiliza. Bibi yetu wa Ufipa angecheka. Wao wameijenga nyumba yenye ratiba, wameona kosa lake, nao wanahangaika kuibomoa. Sisi ndio tunaoijenga sasa, kisha tunaiita nidhamu. Tusinunue kosa ambalo muuzaji mwenyewe amekwisha kulitupa.

Mpinzani wa tatu ndiye mwenye nguvu, nasi hatumdharau. Huyu husema: sisi ni maskini. Mzee akipata uji, blanketi na dawa, tushukuru. Hayo ya kuulizwa ni anasa. Twajibu kwamba maji yaleyale ya ndoo huweza kumwagwa juu ya mtu au kutumiwa naye. Uji uleule huweza kuletwa saa ambayo mzee ana njaa au saa ambayo mpishi anataka kwenda nyumbani. Tofauti haimo katika bajeti. Tena mzee anayesikilizwa hula chakula chake, hakimwagi; husema panapouma kabla donda halijaoza. Fikiri pia juu ya Zanzibar, iliyoanza mwaka 2016 kuwalipa wazee wote wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Fedha zile hazikuwa nyingi. Lakini mzee aliyezishika mkononi alirudishiwa kitu kisichouzwa dukani: uamuzi, japo wa kununua samaki badala ya maharage.

Hata hivyo twakubali kwamba jambo moja lina gharama, nalo ni mhudumu mwenyewe. Mtu aliyepewa wazee wengi kuliko mikono yake, asiyelipwa kwa wakati, asiyeulizwa kamwe maoni yake na mkubwa wake, hawezi kumwuliza mzee maoni. Anachotendewa ndicho anachotenda. Mkubwa anayewaita wahudumu wake kwa kuwapigia kengele asishangae wakiwaita wazee kwa namba za vitanda.

Ni nini basi cha kufundishwa? Taasisi ya Ustawi wa Jamii, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, imewatoa maofisa wengi wenye elimu. Lakini mkono unaomgusa mzee alfajiri si mkono wa ofisa. Ni wa mhudumu, na aghalabu mhudumu huyo hakukanyaga chuo. Kwake yeye ndiko mafunzo yanakotakiwa kufika, na sisi twapendekeza yawe na mambo matano.

La kwanza ni jina na kisa. Mhudumu asimguse mzee kabla ya kujua jina analopenda kuitwa, alikozaliwa, kazi aliyoifanya, aliowazaa na aliowazika. Mambo hayo yaandikwe katika daftari likaalo mikononi mwa wahudumu, si kabatini.

La pili ni mwili. Afundishwe kuomba ruhusa kabla ya kumfunua mtu; kupasha maji na kuyajaribu kwa mkono wake; kufunika sehemu ambayo haiogeshwi kwa wakati huo; kumwachia mzee kitambaa anawe uso mwenyewe kama aweza, hata akichukua robo saa. Afundishwe pia kutambua kwamba kwa mila za wengi wetu si kila mtu aweza kumwona kila mtu, na mwiko huo haufi kwa sababu mtu amezeeka.

La tatu ni lugha. Uzee waweza kumrudisha mtu katika lugha aliyonyonya. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu huenda akapoteza kwanza lugha aliyojifunza ukubwani. Sisi tunakipenda Kiswahili na tumekitumikia kwa kalamu yetu. Lakini taifa halitabomoka mhudumu akijua kumwamkia mzee kwa Kifipa, Kimambwe au Kinyiha. Na asimwite mtoto, wala asimsemeshe kitoto. Usemi wa kwamba uzee ni utoto wa pili ni uongo mtupu. Mtoto hajui kitu. Mzee amesahau baadhi ya vitu. Hayo si mamoja.

La nne ni ugonjwa wa kusahau. Afundishwe kwamba ni ugonjwa wa ubongo, si uchawi, si laana, wala si ukaidi. Mzee akitaka kwenda nyumbani kwao ambako hakupo tena, asibishiwe wala asifungiwe. Aulizwe kuna nini huko nyumbani. Jibu lake ndilo litakaloonyesha anachokikosa. Katika nchi ambamo vikongwe wameuawa kwa kusemwa wachawi, somo hili ni la kuokoa roho.

La tano ni kazi. Mzee asiyepewa la kufanya huambiwa kila asubuhi kwamba amekwisha. Apewe kuchambua maharage, kusuka, kuonja mboga kama chumvi imekolea, kuwasimulia wanafunzi wa shule ya jirani. Mwenye kutaka kupumzika aachwe apumzike. Na iwapo yawezekana, mhudumu mmoja awe na wazee walewale kila siku, wasibadilishiwe mikono kama fedha sokoni.

Tuliotunga mashairi hatuwezi kuagana bila beti. Hizi ni zetu, na mwalimu akipenda azifundishe:

Muulize mwenye mwili, aeleze lake jambo,
Mwogeshe kwa uadili, usimwoshe kama chombo,
Jina lake ni la kweli, si namba wala si fumbo,
Mzee ni mwenye nyumba, mhudumu ni mgeni.

Chakulache mpe moto, ulezi au mtama,
Simuite kama toto, aliyelea umma,
Usijifanye mzito, kusikia akisema,
Mzee ni mwenye nyumba, mhudumu ni mgeni.

Kibwagizo hicho ndicho tunachotaka kibaki. Mahali mzee anapolala, pawe chumba cha nyuma nyumbani kwa mwanawe au kitanda katika makazi ya Serikali, hapo ni kwake. Wewe unayeingia na sahani ndiye mgeni. Mgeni hupiga hodi. Mgeni hungoja kukaribishwa. Mgeni hahamishi kiti cha mwenye nyumba bila kuuliza kwa nini kimewekwa pale.

Walimu, Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu katika nchi yetu watu kiasi cha milioni 2.5 wenye umri wa miaka 60 na zaidi. Tangu hapo taifa limekua, hata Sensa ya mwaka 2022 ikahesabu watu 61,741,120, na wazee nao wanaongezeka. Sisi tunaoandika tumebakiwa na miaka michache tu kuufikia umri wa kustaafu. Hatuoni haya kusema kwamba tunawatetea wengine na kujitetea wenyewe pamoja. Watakaotuogesha wako katika madarasa yenu leo. Baadhi yao wanaisoma makala hii.

Kwenu ninyi wanafunzi tunatoa zoezi moja, wala msingoje mwalimu alitie katika mtihani. Jioni ya leo mwendeeni mzee mmoja, wa kwenu au wa jirani. Msimpelekee kitu. Muulizeni anapenda aitwe jina gani. Muulizeni ni saa ngapi ya siku anayoipenda kuliko zote, na kwa nini. Kisha mnyamaze mpaka amalize. Mkirudi shuleni mtakuwa mmekwisha kupata somo la kwanza la mafunzo haya. Hayo manne mengine, yenye ndoo, maji ya moto na subira, tunawadai wenye mamlaka wayaandalie walimu na mahali pa kufundishia.